Umefanyiwa upasuaji Marekani? Mwongozo kamili wa kuitumia MyChart ukiwa nyumbani na kidonda

Kazi yangu ni ukalimani hospitalini, Kiswahili na Kiingereza. Zamani nilidhani siku ngumu ni ile ya upasuaji wenyewe: fomu za kusaini, hofu ya familia, mgonjwa anasukumwa kwenye kitanda cha magurudumu kuelekea chumba cha operesheni. Siku hizi najua kwamba ngumu zaidi ni zile siku kumi zinazofuata. Mgonjwa yuko nyumbani kwake, simu iko mkononi, na hospitali imejificha ndani ya programu ambayo hakuna mtu aliyekaa naye akamwonyesha inavyotumika.

Kuna mama mmoja wa Uvira aliyetolewa mfuko wa nyongo. Siku ya tatu hospitali ilimtumia maswali kwenye simu. Mwanawe akamsomea la kwanza: unaendeleaje? Mama akajibu kama tunavyojibu sote: "Sijambo, namshukuru Mungu, ila hapa kitovuni panavutavuta." Kijana akabonyeza "vizuri" na kuifunga simu. Siku ya nane nilikutana nao chumba cha dharura, kidonda cha kitovuni kinatoa usaha.

Kijana hakukosea kumsikia mama yake. Sisi kwetu habari huwa njema kwanza. Hata aliyefiwa ukimuuliza habari za nyumbani atakwambia njema, ila mzee ametutoka. Anayeijua lugha huisubiri hiyo "ila", maana ndiyo yenye habari. Programu ya simu haisubiri. Kwa hiyo yote nitakayoeleza hapa chini, kuanzia kufungua akaunti hadi kupiga picha ya mshono, yanaelekea kwenye jambo hilo: ukiiandikia hospitali, anza na "ila".

MyChart ni nini hasa

Ni potali ya wagonjwa, yaani programu ya simu na tovuti ya kuliona faili lako la hospitali, iliyotengenezwa na kampuni ya Epic, yenye makao yake Verona, jimbo la Wisconsin. Hospitali nyingi kubwa za Marekani zinaitumia. Nyingine zinatumia potali za kampuni nyingine zenye majina mengine, lakini ndani utakuta mambo yaleyale: sehemu ya ujumbe, majibu ya vipimo, orodha ya dawa, miadi na bili. Nikisema MyChart hapa, nawe soma jina la potali ya hospitali yako.

Watu wengi hukwama mahali pamoja: kila mtandao wa hospitali una akaunti yake. Aliyefungua MyChart kwa daktari wa kawaida wa familia anaweza kukuta haimwonyeshi chochote cha hospitali aliyofanyiwa upasuaji. Uliza mapema, "Akaunti niliyonayo ndiyo mtakayotumia ninyi?" Ikiwa siyo, fungua ya pili. Baadaye akaunti hizo zinaweza kuunganishwa ndani ya programu yenyewe.

Hatua ya 1: Fungua akaunti kabla ya siku ya upasuaji

Fanya kabla. Ukiamka kwenye nusu kaputi, na dawa za maumivu zinakulevya, huwezi kukumbuka neno la siri ulilotunga saa moja iliyopita.

Hospitali itakupa namba ya kuanzishia akaunti, ama kwa meseji, ama kwa imeili, ama ikiwa imechapwa kwenye karatasi ulizopewa ulipoonana na daktari. Namba hiyo ina muda wake na ukipita haifanyi kazi tena, kwa hiyo usiiweke kwenye droo. Mfumo utakuuliza jina na tarehe ya kuzaliwa, na hapo ndipo wakimbizi wengi wanaposhindwa. Jina lazima lifanane herufi kwa herufi na lililoko hospitalini. Ikiwa kwenye karatasi za uhamiaji uliandikwa Rehma, hospitalini ukaandikwa Rehema, na wewe ukaandika Rahma, mlango haufunguki. Tarehe ya kuzaliwa nayo iandike ile iliyoko kwenye hati zako za Marekani, hata kama ni ile ya Januari 1 waliyopewa wengi ambao tarehe zao hazikujulikana.

Kwa sababu hiyohiyo ya Januari 1, ukishaingia hakikisha kwamba faili ni lako. Tunao watu wengi wenye majina yanayofanana na tarehe moja ya kuzaliwa. Tazama orodha ya dawa, magonjwa ya zamani na mzio. Ukiona ugonjwa ambao hujawahi kuugua, piga simu siku hiyohiyo. Kosa kama hilo linatakiwa kusahihishwa kabla hujapewa ganzi.

Namba ya simu iliyo kwenye akaunti iwe yako, na iwe hai. Kila ukiingia, mfumo unaweza kukutumia tarakimu za kuthibitisha kwamba ni wewe. Nimeona wagonjwa waliofungiwa nje wiki nzima kwa sababu namba iliyoandikishwa ni ya mtoto aliyehamia jimbo lingine, au ya laini ya kulipia kabla iliyokwisha muda. Tarakimu hizo usimpe mtu yeyote anayekupigia simu, hata akisema anatoka hospitali. Hospitali haina haja ya kukuuliza tarakimu ambazo imekutumia yenyewe.

La mwisho kwenye hatua hii ndilo wengi wanaloliruka: nenda sehemu ya taarifa zako binafsi, tafuta palipoandikwa lugha, chagua "Swahili", kisha weka alama kwamba unahitaji mkalimani. Usipopaona, mwambie mhudumu wa mapokezi akuwekee. Alama hiyo humwonyesha nesi, kabla hajainua simu kukupigia, kwamba anatakiwa kuniita mimi au mwenzangu kwanza. Bila alama hiyo atapiga, utasema "hello, yes, okay", na faili litaandikwa kwamba mgonjwa ameelewa.

Na kama wewe ni wa Bukavu au Kalemie na mkalimani aliyekuja anazungumza Kiswahili cha Pwani kinachokupita kando, sema. Una haki ya kuelewa. Mkalimani mzuri hatakasirika. Atapunguza kasi, au atatafutwa mwingine.

Hatua ya 2: Mpe mtu ufunguo wake, usimpe wako

Wazee wetu wengi humkabidhi mtoto simu pamoja na neno la siri. Naelewa kwa nini, lakini kuna njia iliyo salama zaidi. MyChart inaruhusu kumwandikisha mtu wa pili, awe mume, binti au dada, akaingia kwa jina lake na neno lake la siri na kuliona faili lako. Mapokezi watakupa fomu, au utaikuta ndani ya programu kwenye sehemu ya marafiki na familia. Faida ni mbili. Kwanza, daktari akisoma ujumbe anajua aliyeandika ni binti wala si mgonjwa mwenyewe. Pili, siku ukitaka kumwondoa unamwondoa, na akaunti yako inabaki salama.

Kabla ya kuandikisha mtu, jiulize kuna nini ndani ya faili. Mimba zilizoharibika, vipimo vya VVU, mambo uliyomweleza daktari wa akili, vyote vinaweza kuwemo. Mama mkwe akipewa ufunguo kamili anaweza kuvisoma. Uliza kama hospitali yako ina ufunguo wa sehemu tu, kwa mfano miadi na ujumbe peke yake.

Watoto wadogo wasiwe wakalimani wako. Mtoto wa miaka 12 anajua Kiingereza cha shule, lakini hajui neno la kumwambia baba yake kwamba kinyama kilichopelekwa maabara kimekutwa na saratani, na hastahili kulitafuta neno hilo. Sheria za Marekani, ile ya Haki za Kiraia ya 1964 na ile ya bima ya afya ya 2010, zinazitaka hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu kukupa mkalimani bila malipo. Hawaruhusiwi kukutaka ulete wako, wala kumtumia mtoto, isipokuwa kwa dharura ya kufa na kupona wakati mkalimani hajapatikana.

Hatua ya 3: Karatasi ya kuruhusiwa isomwe kabla hujavaa viatu

Siku ya kutoka utapewa karatasi zenye maelekezo. Zilezile zitaonekana kwenye MyChart chini ya miadi yako, mara nyingi kwa jina la "After Visit Summary". Omba mkalimani muipitie yote ungali hospitalini. Ukiwa nyumbani ukamwachia mtambo wa kutafsiri, kuna maneno yatakayokuangusha. Neno "discharge" ni mfano mzuri: juu ya karatasi lina maana ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, na mistari kumi chini, kwenye habari za kidonda, lina maana ya majimaji au usaha unaotoka. Mtambo ukichanganya, utasoma kwamba upige simu "ukiona kuruhusiwa kwa rangi ya kijani". Neno "stool" nalo linaweza kukujia kama kigoda, kumbe wanauliza kama umepata choo.

Halafu kuna tarehe na saa. Marekani mwezi hutangulia siku. 04/05 si tarehe 4 Mei. Ni Aprili 5. Zungushia kalamu tarehe zote na uandike jina la mwezi pembeni.

Saa ni hatari zaidi, kwa sababu sisi tunahesabu tangu jua linapochomoza. 9:00 AM ni saa tatu asubuhi, 3:00 PM ni saa tisa alasiri. Mtego mkubwa uko kwenye 6 na 12, kwa sababu zinabadilishana: 6:00 yao ni saa kumi na mbili yetu, na 12:00 yao ni saa sita yetu. Mtu anasoma 6:00 AM, kichwani inageuka saa sita, anafika mchana na kuambiwa miadi imepita. Dawa ya kila baada ya saa 6 ukianza 6:00 AM inakuwa saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni na saa 6 usiku. Andika saa za dawa kwa mtindo mmoja tu, ule unaoufikiria haraka, ubandike ukutani. Ukiwaandikia hospitali, tumia mtindo wao na uweke AM au PM kila mara.

Sasa Panadol, na hapa nakuomba usome polepole. Paracetamol tunayoijua kwa jina la Panadol, Marekani inaitwa acetaminophen, na jina la dukani linalojulikana zaidi ni Tylenol. Dawa kali za maumivu wanazotoa baada ya upasuaji, kama Percocet na Norco, zina acetaminophen ndani yake, kwa kawaida miligramu 325 kwa kidonge. Mgonjwa anakunywa Percocet ya hospitali, anaongeza Tylenol ya dukani, na shangazi aliyetoka Dar es Salaam anampa Panadol mbili za kwenye mkoba. Zote tatu zina dawa ileile, na ikizidi inaharibu ini. Kiwango cha juu kwa mtu mzima mwenye afya ni miligramu 4,000 kwa siku, na daktari anaweza kukupangia kidogo zaidi. Fungua sehemu ya "Medications" kwenye MyChart, utafute neno acetaminophen kwenye kila jina, ujumlishe. Kama unatumia dawa za miti shamba, vidonge vya vitunguu saumu au chochote kilichotoka nyumbani, waandikie wakiongeze kwenye orodha. Baadhi huathiri kuganda kwa damu. Hakuna atakayekucheka.

Hatua ya 4: Jua kipi kinakwenda kwenye MyChart na kipi hakiendi

Ujumbe wa MyChart unaweza kukaa siku moja hadi tatu za kazi kabla haujajibiwa. Ukiandika Ijumaa jioni, huenda utasomwa Jumatatu. Kwa hiyo gawa mambo yako mafungu matatu.

Fungu la 911, namba ya dharura ya Marekani, piga bila kufikiri mara mbili: kushindwa kupumua, maumivu ya kifua, damu inayotoka kwa nguvu na haikomi ukikandamiza, kuzimia, kuchanganyikiwa, uso au mkono kulegea upande mmoja. Ukipiga, taja anwani yako, kisha sema "Swahili". Vituo vingi vinaweza kumwunganisha mkalimani kwenye simu.

Fungu la kupiga simu leo hii, hata kama ni usiku: homa ya nyuzi 100.4 au zaidi kwa kipimajoto cha Fahrenheit, ambayo ni 38 kwa Selsiasi, isipokuwa karatasi yako imetaja kiwango kingine; usaha au harufu mbaya kidondani; mshono kuachia; maumivu yanayopanda badala ya kushuka; kutapika kila unachokunywa; kushindwa kukojoa; shavu la mguu mmoja kuvimba au kuuma, kwani inaweza kuwa damu iliyoganda. Kwa aliyejifungua kwa upasuaji ongeza pedi inayojaa damu ndani ya saa moja, na kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona vimulimuli. Namba ya kupiga baada ya saa za kazi iko kwenye karatasi ya kuruhusiwa. Ihifadhi kwenye simu kabla hujaihitaji. Usipojibiwa, nenda chumba cha dharura.

Fungu la MyChart ni yaliyobaki: lini nioge, lini niendeshe gari, lini nibebe mtoto, dawa zinakaribia kwisha, sijapata choo siku mbili, nahitaji barua ya mwajiri, kidonda kinatoa majimaji mepesi kidogo na nataka wakione.

Jambo moja kwa walio na kile kifaa cha kubana kidole kinachopima oksijeni. Kwenye ngozi nyeusi kinaweza kusoma juu kuliko ukweli. Mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani ilitoa onyo juu ya vifaa hivyo mwaka 2021. Pumzi ikikubana, nenda. Usisubiri namba ishuke.

Hatua ya 5: Kuandika ujumbe

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Ujumbe wa kawaida ninaouona unasema hivi:

"Habari za leo daktari. Poleni na kazi. Mimi naendelea vizuri tunashukuru Mungu na asante kwa huduma yenu. Ila kuna maumivu kidogo na kidonda kinanisumbua."

Huu ni ujumbe wa mtu mwenye adabu. Lakini anayeufungua kwanza si daktari wa upasuaji. Mara nyingi ni nesi mwenye orodha ndefu ya ujumbe, anayeamua kwa haraka yupi anahitaji kupigiwa leo. Akisoma "naendelea vizuri", ameshakuweka chini ya orodha. Na "kidogo" yetu haina kipimo. Tumefundishwa kuvumilia, na nimemsikia mtu aliyekunja uso kwa uchungu akisema panauma kidogo.

Andika hivi:

"Nilitolewa mfuko wa nyongo Machi 4. Leo ni siku ya 5. Kidonda cha kitovuni kinatoa majimaji mepesi ya rangi ya waridi tangu jana saa za jioni. Hakuna harufu. Nimebadilisha bandeji mara 2 leo. Joto la mwili 98.9. Maumivu 4 kati ya 10, sawa na jana. Ninakula. Nimepata choo. Natumia dawa mlizonipa tu. Nimeweka picha 2. Swali: nije mnione kabla ya miadi ya Machi 18, au nisubiri?"

Ona kilichomo. Upasuaji gani na siku ya ngapi, maana majimaji ya siku ya 2 na ya siku ya 12 hayamtishi nesi kwa kiasi kimoja. Kitu chenyewe, mahali pake, tangu lini. Namba. Kimebadilika au hakijabadilika tangu jana. Halafu swali moja linaloweza kujibiwa. Adabu yako haijapotea. Iweke mwishoni, "Asanteni kwa kazi yenu", itasomwa kwa furaha baada ya habari kufika.

Sentensi fupi zina faida nyingine: mtambo wa kutafsiri huzishika vizuri zaidi. Usitumie methali, usiseme "tumbo limechafuka" au "nasikia baridi ya ndani". Sema nimeharisha mara 4. Sema natetemeka. Ukishatafsiri kwa Kiingereza, geuza tena Kiswahili uone kama maana imerudi ileile. Na kama hujiamini kabisa, sentensi hii moja inatosha, inakili kama ilivyo: "I had surgery. Please call me today with a Swahili interpreter." Inawaomba wakupigie leo wakiwa na mkalimani.

Wakati wa kutuma, programu itakuuliza ujumbe unahusu nini na unamwendea nani. Chagua daktari wa upasuaji au ofisi yake, usichague daktari wa familia. Ujumbe ukienda pasipohusika unapoteza siku nzima ukizungushwa.

Maswali ya kubonyeza yanayotumwa na hospitali yajibu kwa roho ileile. Wakikuuliza maumivu kutoka 0 hadi 10, 0 ni hakuna kabisa na 10 ni makali kuliko yote unayoweza kuyafikiria. Mtu anayeshindwa kulala kwa maumivu hayuko kwenye 2. Ikiwa binti ndiye anayebonyeza, amsomee mgonjwa kila swali, asubiri hadi "ila" itoke, ndipo abonyeze.

Hatua ya 6: Picha ya kidonda

Nawa mikono. Simama karibu na dirisha mchana. Mwanga wa jua ni bora kuliko flashi, kwa sababu flashi hung'arisha ngozi na kuficha uvimbe. Piga picha mbili: moja ya mbali kidogo inayoonyesha kidonda kiko sehemu gani ya mwili, nyingine ya karibu iliyo wazi, isiyotetemeka. Weka rula au sarafu kando ya kidonda, isiguse, ili ukubwa ujulikane. Piga kila siku saa ileile hata kama hakuna tatizo, bila kuzituma. Siku likitokea tatizo, utakuwa na picha ya jana ya kulinganisha.

Karatasi za hospitali husema uangalie wekundu kuzunguka kidonda. Maneno hayo yaliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi zetu uambukizi unaweza kuonekana kama weusi uliozidi, zambarau, kahawia, au ngozi inayong'aa na kuvutika. Kwa hiyo tumia mkono pamoja na macho. Gusa pembeni ya kidonda kwa mgongo wa kiganja, kisha gusa upande wa pili wa mwili, mahali palepale. Kuna joto zaidi? Pamekuwa pagumu kama ubao? Panauma kuliko jana? Mambo hayo matatu kamera haiyaoni, lazima uyaandike kwenye ujumbe. Chora kwa kalamu mpaka wa sehemu iliyobadilika. Ukikuta kesho imeuvuka mpaka, usiandike ujumbe, piga simu.

Hatari ya uambukizi wa mshono haiishi wiki ya kwanza. Wataalamu huufuatilia hadi siku 30, na hadi siku 90 kwa baadhi ya upasuaji, hasa ule ulioacha kitu ndani ya mwili, kama goti la bandia.

Hatua ya 7: Majibu yatakapokufikia kabla ya daktari

Tangu Aprili 2021 kanuni za serikali kuu zinazuia hospitali kuyashikilia majibu yako bila sababu zinazokubalika. Kwa hiyo simu inaweza kulia usiku, "una majibu mapya", na ukaisoma ripoti ya kinyama kilichotolewa mwilini mwako kabla daktari hajaiona.

Amua mapema kama unataka kusoma peke yako au kusubiri. Kusubiri si woga; arifa za majibu zinaweza kuzimwa kwenye mipangilio. Ukiamua kusoma, jua kwamba lugha ya maabara imegeuka. "Negative" si habari mbaya, ina maana kwamba walichokitafuta hawakukikuta. "Positive" ina maana wamekikuta, na hicho kinaweza kuwa saratani. "Unremarkable" si dharau, ni kwamba hawakuona lisilo la kawaida. "Benign" ni uvimbe usio wa saratani, na "malignant" ni wa saratani. Nimeshuhudia familia ikilia sebuleni kwa sababu ya neno "negative", na nyingine ikishangilia "positive". Kabla ya kulia au kushangilia, andika: "Nimeona majibu. Naomba daktari anipigie na mkalimani anieleze."

Hatua ya 8: Bili

Baadhi ya hospitali hutoza ujumbe ambao daktari ametumia muda kuutathmini. Watu wakisikia hivyo wanaacha kuandika, na hilo linanihuzunisha, kwa sababu baada ya upasuaji mambo ni tofauti. Kwa utaratibu wa Medicare, bima ya serikali kuu hasa kwa wazee, ambao bima nyingine nyingi huufuata, malipo ya daktari wa upasuaji mkubwa yanajumuisha ufuatiliaji wa kawaida wa siku 90. Upasuaji mdogo huwa ni siku 10 au hata hakuna. Ujumbe unaohusu kidonda chako ndani ya muda huo hautakiwi kutozwa peke yake. Waulize upasuaji wako una siku ngapi. Na ukiona bili ya ujumbe wa namna hiyo, usilipe kwanza; piga simu ofisi ya bili na uombe waiangalie upya.

Kabla hujahama

Watu wetu wanahama. Kazi ya kiwanda cha nyama imepatikana jimbo lingine, mnapakia gari, na faili linabaki nyuma. Ukiwa bado unaingia kwenye akaunti, fungua na upakue ripoti ya upasuaji, karatasi ya kuruhusiwa, majibu ya maabara na orodha ya dawa. Zihifadhi kwenye simu na uchape nakala moja. Kama uliwekewa chuma, wavu wa ngiri au kiungo bandia, tafuta jina la kifaa hicho kwenye ripoti na uliandike kwenye kadi ya kukaa kwenye pochi, maana daktari wa kipimo cha MRI atakuuliza. Soma pia maelezo ya daktari. Yakisema kwamba mgonjwa anazungumza Kiingereza na hahitaji mkalimani, omba kwa maandishi yarekebishwe. Mara nyingi akaunti hubaki wazi hata ukihama, ila ibadilishe namba ya simu siku hiyohiyo unayopata laini mpya.